Simba wa Kuchorwa na Simba wa Manyoya

Kwa miaka zaidi ya kumi sasa, makampuni ya sinema ya Marekani yamekuwa yakizichukua sinema za katuni zilizowafurahisha watoto wa zamani na kuzitengeneza upya kwa watu hai, au kwa wanyama waliofanyizwa na kompyuta hata wakafanana na walio hai. Kila inapotangazwa sinema mpya ya namna hii, wahakiki wa huko hutabiri itaingiza fedha kiasi gani mlangoni, na mjadala aghalabu huishia hapo. Hatuwalaumu; mwenye duka hana budi kuhesabu. Lakini sisi tufanyao kazi Kibaha na wenye jamaa Kisarawe hatuwezi kuishia mlangoni, maana sinema iliyozishinda nyingine zote katika biashara hiyo imevikwa maneno yetu. Shujaa wake anaitwa Simba, mganga wake Rafiki, na wimbo wake mashuhuri huanza kwa kusema kuwa hakuna matata.

Na tuanze na fedha, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kwanza. The Lion King ya katuni ilitoka mwaka 1994. Ya pili, iliyoongozwa na Jon Favreau, ilitoka mwaka 2019, ikagharimu dola milioni 250 hivi na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote. Baina ya hizo mbili ni miaka 25, nayo si hesabu ya bahati. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane mwaka 1994 alikuwa na miaka thelathini na mitatu mwaka 2019. Alikuwa na mshahara, na alikuwa na mtoto wa kumshika mkono. Mtu huyo hakununua tiketi moja, alinunua tatu au nne, na alichokilipia hasa ni utoto wake mwenyewe. Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ilirudi 2017 ikapita dola bilioni 1.2. Aladdin ya 1992 ilirudi 2019 ikapita bilioni moja, na Lilo & Stitch ya 2002 iliporudi 2025 nayo ikapita bilioni moja. Kinyume chake, Dumbo ya 1941 ilirudi 2019 ikaambulia milioni 350 hivi, na Snow White ya 1937 iliporudi mwaka 2025 ilipata milioni 200 na kidogo, ilhali kuitengeneza tu kuligharimu zaidi ya milioni 240. Wazazi wa leo hawakulelewa na Snow White. Walilelewa naye bibi zao.

Kanuni hii si msumeno. The Jungle Book ya 1967 ilirudi 2016 ikapita milioni 900, na The Little Mermaid ya 1989, ambayo kwa umri ilistahili kufanya vyema, haikufika milioni 600 mwaka 2023. Hata hivyo atakaye kukisia mapato ya sinema ijayo ya aina hii, na atazame kwanza umri wa wazazi kabla ya kuwatazama waigizaji. Tena na akumbuke kuwa kumbukumbu ni shamba lisilotoa mavuno mawili. Mufasa, iliyotoka mwaka 2024 kueleza maisha ya baba yake Simba, iliingiza zaidi kidogo ya dola milioni 700. Ni fedha nyingi sana, lakini haifiki nusu ya ile ya 2019, kwa sababu hapakuwa na katuni ya zamani ya hadithi hiyo ambayo mzazi angeweza kuililia.

Sasa tuitazame sinema yenyewe. Inasemwa kuwa ile ya mwaka 2019 ni ya wanyama hai. Si kweli, isipokuwa picha moja tu ya mwanzoni, ya jua likichomoza, yote imefanyizwa na kompyuta. Kilichobadilika ni ngozi. Simba wa 1994 alikuwa wa kuchorwa, na kwa kuwa alikuwa wa kuchorwa aliweza kuinua nyusi, kukunja uso, kucheka kwa jino moja. Simba wa 2019 ana manyoya yanayohesabika, lakini uso wake umenyamaza kama uso wa simba yeyote wa mbugani. Baba yake anakufa, naye anatoa sauti ya kilio kwa uso usiolia. Sauti ya baba ni ile ile ya 1994, ya mzee James Earl Jones, na pengine ndiyo iliyo hai kuliko kitu kingine chochote humo.

Kosa hilo linatuhusu, maana sisi ni watu wa hadithi. Katika masimulizi ya pwani, mnyama hakuwahi kuwa mnyama. Sungura ni mtu mdogo mwenye akili. Fisi ni mlafi tunayemfahamu kijijini. Simba ni mkubwa mwenye nguvu asiyefikiri, ambaye Sungura humpeleka kisimani akapigana na kivuli chake mwenyewe hata akazama. Msimulizi hakumpa Simba manyoya, alimpa tabia. Mchoro wa katuni unakaribiana na msimulizi huyo kuliko kompyuta inayohesabu nywele.

Na kama ni uhalisi unaotafutwa, watu wa upande wetu wanao wa kutosha. Katika Wilaya ya Rufiji, jirani ya Kisarawe kwa upande wa kusini, simba waliwaua watu zaidi ya thelathini kati ya mwaka 2002 na 2004. Mkulima anayelala kwenye dungu akilinda mpunga usiku hamjui simba kama mfalme aliyesimama juu ya jabali huku wanyama wote wakimpigia magoti. Sinema inayojigamba kuwa imeleta simba wa kweli ingewachekesha sana watu wale, kama si kuwaudhi.

Juu ya hilo la mfalme kuna neno. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria katika nchi yetu mwaka 1963, na tangu hapo tumewafundisha watoto kuwa uongozi si damu. Katika The Lion King, ya kale na mpya, nchi inakauka kwa sababu ametawala asiyestahili kwa kuzaliwa, na mvua inarudi mrithi anaporudi. Fisi, wenye njaa siku zote, wanakaa pembezoni kwenye ardhi ya giza, na kosa lao la kwanza ni kutaka kula. Je, kiongozi wa fisi wale anaitwa nani? Anaitwa Shenzi. Tunawaomba wasomaji walitafakari neno hilo. Ndilo alilotukanwa nalo mpishi, mpagazi na mtumishi wa shamba enzi za ukoloni, na leo linatamkwa kwa furaha na watoto wasiojua lilikotoka. Mwaka 2019 sauti ya Shenzi ilitolewa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, na tunadhani yeye angeweza kuwaeleza kama wangeuliza. Nguruwe mwema lakini mpumbavu ni Pumbaa. Yule muuaji, kama ilivyoelezwa katika sinema ya 2024, jina lake la utotoni lilikuwa Taka. Mwaka 2019 fisi wengine wawili waliongezwa, mmoja Azizi na mwenziwe Kamari. Tulipolisikia hilo la pili tulidhani kuna mcheza karata anayekuja. Kiswahili kimechumwa humo kama maua ya kupamba meza, kwa rangi, bila kuulizwa maana.

Wako watakaosema kuwa tunachukia kutengeneza upya. La hasha. Kutengeneza upya ndiyo kazi ya fasihi yetu tangu zamani. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze aliichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wawili wahaini wanageuzwa kuwa mbwa. Yeye akawafanya manyani, akabadili mahali na majina, akaitia ndani maadili aliyoyataka. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi, na kwa neno hilo moja akaugeuza mchezo wote ukatutazama sisi. Hata The Lion King yenyewe ina deni kwa Shakespeare: mwana wa mfalme, baba aliyeuawa, ami aliyekikalia kiti. Anayerudia lazima awe na jambo la kusema ambalo wa kwanza hakulisema. Kasoro kubwa ya sinema ya 2019 ni kwamba inaifuata ile ya 1994 hatua kwa hatua, karibu picha kwa picha, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni, na mwisho wake mtazamaji hakuambiwa jambo jipya.

Ulinganifu ulio bora tuliuona katika vibanda vya video vya Maili Moja na Mlandizi. Kibaha na Kisarawe hazikuwahi kujulikana kwa majumba ya sinema; sinema ilitufikia ndani ya kibanda cha mabati, kwenye mabenchi, kwa kiingilio cha sarafu. Humo ndimo tulimosikia sauti ya Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, akiisimulia sinema ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Hakutafsiri tu. Aliwapa waigizaji majina, akawatania, akaeleza nia zao kabla hawajazitenda, na mara nyingine akaikosoa hadithi yenyewe ilipolegea. Wasomi waliwadharau watafsiri hawa, na mwenye haki ya sinema hakuambulia kitu, jambo ambalo hatulitetei. Lakini kama kazi ya sanaa, usimulizi wa Lufufu ulikuwa utengenezaji upya wa kweli. Uligharimu kinasa sauti na koo la mtu mmoja.

Upande wa haki nao si mwepesi. Kampuni ya Disney iliyasajili maneno "hakuna matata" nchini Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018, sinema ya pili ilipokuwa jikoni, watu zaidi ya laki moja walitia saini ombi la kutaka usajili huo ufutwe. Mwanasheria atasema, naye atasema kweli, kwamba usajili haumzuii yeyote kuyatamka maneno hayo. Sisi tutaongeza kuwa Mzaramo wa Kisarawe hayatamki sana kwa vyovyote. Yeye husema "hamna tabu", na matata ni zaidi ya wenzetu wa Kenya na ya nyimbo za kuwapokea watalii. Linalouma halimo katika sheria. Linalouma ni jinsi mali ya wengi inavyopita mlangoni bila kuhesabiwa. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake, Mbube, mwaka 1939, akafa fukara mwaka 1962. Umbo la wimbo huo limo katika The Lion King, na warithi wake hawakupata makubaliano ya malipo hadi mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani.

Tumwulize basi mzazi wa Kibaha: mwanao akifika miaka thelathini na mitatu, ataulilia utoto gani? Wapo waliokwisha kuanza kujibu. Tangu mwaka 2014 vijana wa Dar es Salaam wanatengeneza Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zifundishazo hesabu na sayansi. Mwaka 2010 zilitoka hadithi za katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa ajili ya shirika la BBC, zikaitwa Tinga Tinga Tales kwa kufuata mtindo wa rangi wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Rangi zilitoka kwetu, mikono ilikuwa ya Nairobi, fedha ikatoka Uingereza. Si vibaya, ila tungependa siku moja mpangilio huo ugeuke. Tatizo la katuni zetu ni kwamba zinapenda mno kufundisha. Sungura hakuwahi kumfundisha mtu hesabu. Alidanganya, akaiba, akakamatwa mguu, akamwambia adui yake kuwa ameshika mzizi.

Masimulizi hayo bado yako Kisarawe, ndani kuelekea Maneromango, na hayajalala kabatini. Bibi mmoja wa huko aliwasimulia wajukuu zake mbele yetu hadithi ya Fisi na Sungura, ile ya deni. Tuliijua tangu utotoni, tukakaa tukiingoja sehemu ambapo Fisi anamtuma Kinyonga kwenda kudai. Kinyonga hakuja. Fisi alitoa simu kibindoni, akamwandikia Sungura: ile pesa, itume kwa namba hii. Watoto waliangua kicheko hata bibi akanyamaza kuwangoja. "Haya, wajukuu zangu," akasema, "na Sungura naye akajibu vipi?" Kila mmoja akatoa jibu lake, na bibi akalichagua la mtoto mdogo kuliko wote akaendelea nalo.