Theluji ya Pamba: Tahakiki ya Mapambo ya Mti wa Noeli Dzaleka

Mti wa Noeli (wenzetu wa Tanzania husema wa Krismasi) ni kazi ya sanaa, na kwa hiyo unaweza kuhakikiwa. Hapa Dzaleka tunahakiki mashairi, riwaya, hata maigizo ya Tamasha la Tumaini. Lakini mti unaosimama kanisani au sebuleni mwezi wa Desemba tunausifu kwa neno moja tu: "umependeza". Makala haya yanauliza umependeza kwa nini.

Naanza na pambo ninaloliona dhaifu kuliko yote: pamba. Huchanwa vipande vidogo na kutandazwa juu ya matawi ya msonobari ili iwe theluji. Desemba wilayani Dowa ni mwezi wa mvua, mahindi yanaota na njia ni matope. Bati likivuja, pamba hiyo hulowa na kugandamana, mti ukafanana na mgonjwa aliyefungwa bendeji. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Wala kosa lake si ugeni. Theluji yenyewe si ngeni kabisa kwetu, kwani iko Ruwenzori, na lugha yetu ina neno lake. Kosa ni kwamba wengi wetu haitukumbushi chochote tulichowahi kukigusa.

Wapo wanaosema basi tutupe kila kilichotoka dukani, tubaki na vitenge na shanga. Sikubaliani nao, kwa sababu hawajauliza mpira unaong'aa umetoka wapi. Kabla ya mipira ya kioo, Wajerumani walitundika mitini matofaa na biskuti. Katika karne ya 19 mafundi wa kioo wa mji mdogo wa Lauscha walianza kupuliza mapambo ya kioo yenye maumbo ya matunda na mipira, nayo yakauzwa hadi Marekani. Mpira mwekundu wa plastiki unaouzwa leo Lilongwe ni mjukuu wa tofaa. Yaani waanzilishi walitundika tunda walilokuwa nalo nyumbani. Sisi Desemba tunda letu ni embe. Nimeona mti uliotundikwa mipira myekundu na ya manjano iliyoshonwa kwa mabaki ya vitenge ya fundi cherehani, kila mmoja ukubwa wa embe dogo, ukining'inia kwa uzi. Sidhani aliyeishona alikuwa amesikia habari za Lauscha, lakini aliifuata asili ile kuliko mwenye pamba.

Kuchagua ni nusu ya kazi. Bibi harusi akipambwa, kidani hukaa shingoni na vipuli masikioni. Hakuna anayemrundikia vyote begani. Mti nao una mahali pa kila kitu. Mapambo makubwa na mazito yakae chini, karibu na shina, na madogo nchani mwa matawi, na nafasi iachwe ili kijani kionekane. Miti yetu mingi hujazwa upande unaotazama mlango, upande wa pili ukabaki mtupu, ikaegemea kama mtu aliyebeba ndoo moja. Tena tunategemea mno taa, na umeme hukatika. Ni afadhali vitu vinavyong'aa kwa mwanga wa mchana, kama karatasi za dhahabu au vifuniko vya soda. Mshumaa chini ya paa la nyasi usitajwe kabisa.

Kuna kipimo kingine ambacho vitabu vya upambaji havina: je, pambo linabebeka? Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na familia nyingi zikafunga mizigo kwa haraka. Mama mmoja aliyetoka Area 36 aliuacha mti wake wa plastiki, akabeba bahasha ya nyota za karatasi alizokuwa akikata na watoto wake, moja kila Noeli, mwaka ukiwa umeandikwa nyuma. Kwa ufundi ni nyota mbovu. Pembe hazilingani na gundi imeacha madoa. Lakini zimetundikwa kwa mpangilio wa miaka, kuanzia tawi la chini, na mtazamaji huzisoma akipanda kama anavyosoma beti. Sijaona pambo lingine hapa linaloweza kufanya hivyo. Ya mwaka 2023 imekatwa kutoka kwenye gunia la unga.