Kukata Maneno Bila Kumkata Mwandishi

Aya ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya uchambuzi huu, lakini yeyote aliyewahi kuhariri kumbukumbu za familia au makala za jarida la chama ameshakutana na ndugu zake:

“Kwa kweli ningependa kuchukua fursa hii kueleza kwamba babu yangu mzaa mama, ambaye alikuwa ni fundi wa baiskeli kwa kipindi cha muda mrefu, alikuwa ni mtu ambaye hakuwa anapenda kabisa suala zima la haraka. Pale ambapo mteja alikuwa anaanza kumhimiza aweze kufanya zoezi la kuziba pancha kwa haraka, babu alikuwa anaweka kiraka chini, anaweka gundi chini, anajifuta mikono, halafu anamwambia: haya bwana mkubwa, vifaa hivyo hapo, ziba mwenyewe. Na kusubiri, watu walisubiri. Hii ilitokana na ukweli kwamba kazi yake ilikuwa ni kazi yenye ubora wa hali ya juu.”

Maneno 88. Mhariri mwenye mkasi mkali angeirudisha hivi:

“Babu yangu, fundi baiskeli, hakupenda haraka. Mteja akimhimiza, alimwambia azibe mwenyewe. Watu walisubiri kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri.”

Maneno 19, sarufi safi, taarifa zote zimo. Ila babu hayumo. Aliyebaki ni fundi yeyote wa mtaa wowote, na mjukuu anayesimulia naye ameyeyuka. Kati ya aya hizi mbili, mimi ningesoma ile ndefu.

Shule ina mkono wake katika hili. Nchini Kenya, karatasi ya Insha ya KCSE humtaka mtahiniwa aandike insha isiyopungua maneno 400, naye hujifunza mapema kuinyoosha: methali ya kufungulia, “ni dhahiri shahiri” hapa, “kwa hakika” pale. Karatasi ya pili ina swali la ufupisho, na huko anatakiwa atoe hoja na kuacha mengine yote. Kwa mtihani ni sawa, maana msahihishaji anahesabu hoja. Lakini anayefupisha hubeba hoja za mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, na anayehariri anapaswa kumwachia mwenye maneno maneno yake. Kazi hii ya pili haina karatasi ya mtihani, na wengi wetu tunaijifunza kwa kuharibu makala za watu.

Kisa kinachotajwa sana cha mkasi uliopitiliza ni cha Marekani. Mwaka 1981 kampuni ya Knopf ilichapisha hadithi fupi za Raymond Carver, What We Talk About When We Talk About Love. Mhariri wake, Gordon Lish, alikuwa amezikata baadhi kwa zaidi ya nusu na kubadilisha hata miisho. Julai 1980 Carver alimwandikia barua akimsihi asimamishe uchapishaji. Kitabu kikatoka, na Carver akasifiwa kila kona kwa sentensi zake kavu. Katika “The Bath”, mtoto aliyegongwa na gari bado yuko hospitalini, simu inalia, hadithi inakatika hapo. Carver alipoirudisha kwa urefu katika Cathedral mwaka 1983, sasa ikiitwa “A Small, Good Thing”, mtoto anafariki, na wazazi wanaishia mezani kwa muoka mikate aliyekuwa akiwasumbua kwa simu, wanakula mikate yake ya moto huku akiwasimulia upweke wake. Miswada ya kabla ya mkasi ilichapishwa mwaka 2009 kwa jina la Beginners. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1988.

“The Bath” ni hadithi nzuri, sibishi. Ni ya Lish zaidi kuliko ya Carver, basi. Upole ule wa mezani ulichukua kurasa, na ndio uliokuwa wa Carver mwenyewe.

Turudi kwa fundi wetu. Kabla ya kukata chochote, uliza maneno haya ni ya nani. “Ningependa kuchukua fursa hii” ni ya meza kuu. Kila mgeni rasmi anayo. “Suala zima la” na “zoezi la” zimetoka kwenye taarifa za ofisini. “Hii ilitokana na ukweli kwamba” haina mwenyewe kabisa. Yote hayo yakiondoka, mjukuu hapungukiwi kitu.

Kundi la pili la maneno ya kutoka linahusu vitenzi. Kiswahili kimejaaliwa vitenzi vinavyobeba mzigo mkubwa: ndani ya “akimhimiza” mna mteja, mna babu, mna kitendo, na mna ile “kila ilipotokea”. Mwandishi wetu ameufungua mzigo huo na kuutandaza: “pale ambapo mteja alikuwa anaanza kumhimiza”. “Aweze kufanya zoezi la kuziba” ni “azibe”. “Alikuwa ni mtu ambaye hakuwa anapenda” ni “hakupenda”. Ukivifunga vitenzi hivi upya, nusu ya kazi imekwisha na sauti hujaigusa.

Matokeo ni haya:

“Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi baiskeli miaka mingi, na haraka hakuipenda kabisa. Mteja akianza kumhimiza, babu aliweka kiraka chini, akaweka gundi chini, akajifuta mikono, halafu akamwambia: haya bwana mkubwa, vifaa hivyo hapo, ziba mwenyewe. Na kusubiri, watu walisubiri.”

Maneno 39. Kuna mahali mkono uliwasha nikauzuia. “Aliweka kiraka na gundi chini” ingeokoa neno moja, lakini mzee huyu anaviweka kimoja kimoja, makusudi, mteja akimtazama. “Chini” ya pili ndiyo inayomkera mteja. “Haya bwana mkubwa” haiongezi taarifa yoyote, ila bila hiyo kejeli imekufa. “Kusubiri, watu walisubiri” inaonekana kama neno limerudiwa bure, na mhariri aliyezoea Kiingereza ataifuta bila kufikiri, wakati msomaji wa Kiswahili anasikia humo kichwa kikitikiswa. Pancha imetoka, kwa kuwa kiraka na gundi vimeshaitaja.

Sentensi ya ubora wa hali ya juu imeondoka yote. Mteja aliyeambiwa azibe mwenyewe, na bado akasubiri, ameshaeleza ubora wa kazi. Nafasi ikizidi kubana, kinachofuata kutoka ni “kabisa”, kisha “yangu”. Kiraka na gundi haviguswi.