Mkufunzi na Kimya Chake

Ufundi ninaoustahi kuliko wote katika elimu ni wa mkufunzi wa walimu anayeweza kumzoeza mwalimu kunyamaza. Hapa Morogoro kazi hiyo ina makao yake Kigurunyembe, kwenye chuo cha ualimu kilicho chini ya milima ya Uluguru. Anayefaidika ni mtoto wa darasa la tatu huko Matombo au Mgeta, ambaye hatamjua mkufunzi yule hata kwa sura.

Wengi wetu tulisoma kwa kuitikia. "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Mwanachuo huja na mazoea hayo chuoni, na mhadhara juu ya mbinu shirikishi hauyaondoi; atajaza neno "vikundi" kwenye andalio la somo, kisha ahubiri dakika arobaini. Mkufunzi hodari humrudisha kwanza dawatini, akae kama mwanafunzi.

Mbele yake madumu mawili yamekatwa ubavuni, yakajazwa udongo na kuinamishwa juu ya matofali. Moja lina udongo mtupu, jingine limeoteshwa nyasi. Mkufunzi ameshika kopo la maji. Anauliza: maji yatatokaje huku, na kule yatatokaje? Kisha kimya. Miaka ya 1970, Mary Budd Rowe wa Marekani alipima kimya cha namna hiyo, akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu. Wakifikisha tatu, majibu hurefuka, na waliozoea kunyamaza nao husema. Kwa aliyesimama mbele ya darasa, sekunde tatu ni ndefu ajabu. Maji hatimaye yanamwagwa. Upande usio na nyasi yanatoka mazito kama chai ya maziwa, na ubishi unaanza bila kuamriwa.

Uluguru inajua hasara ya kufundisha watu bila kuwauliza. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, lakini serikali ya kikoloni ilitumia amri: chimbeni matuta ya ngazi. Wakulima walijua udongo wao wa juu ni mwembamba, na kwamba kuchimba kungeufukia. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 Matombo ikalipuka kwa ghasia, na mpango huo wa matuta ukaachwa. Madarasani leo wapo vitukuu wa wakulima hao.

Darasa likijaa watoto kupita kiasi, mbinu hizi huchosha, na mwalimu mgeni hurudi upesi kwenye kuitikiwa. Kwa hiyo namsifu hasa mkufunzi anayepanda mlimani wakati wa mazoezi ya kufundisha, akakaa nyuma ya darasa, na badala ya kuandika "vizuri" akaandika kila swali lililoulizwa, nani alijibu, na nani hakupewa nafasi.