Njaa Mikononi mwa Waigizaji

Katika tamthilia ya "Bratya i Syostry", njaa huonekana mikononi mwa waigizaji kabla haijasemwa. Lev Dodin aliitengeneza kutokana na riwaya za Fyodor Abramov, ikaanza kuonyeshwa mwaka 1985 katika ukumbi wa Maly, mjini Leningrad. Huchukua jioni mbili nzima, na haki yake: maisha ya Pekashino, kijiji cha kaskazini kilichofyekwa wanaume na vita, hayasimuliki mbiombio.

Mtazame Mikhail Pryaslin anaporudi kutoka kukata miti msituni. Baba yake amekufa vitani, naye angali kijana, lakini ndiye anayewalea wadogo zake. Anatoa zawadi, kisha anatoa mkate mzima. Watoto wanaukodolea macho. Mtazamaji aliyekuja ameshiba naye anajikuta ameukazia macho mkate ule.

Ufundi huu ulifuatwa mbali. Dodin na mwalimu mwenzake, Arkady Katsman, waliwapeleka wanafunzi wao Verkola, kijiji cha Abramov kando ya mto Pinega, wakaishi na wenyeji na kusikiliza lafudhi yao. Naye Eduard Kochergin akabuni ukuta wa magogo unaopanda na kushuka: mara nyumba, mara lango, mara pazia la sinema. Jioni ya pili inafunguliwa na filamu ya "Kubanskiye Kazaki", mavuno tele na nyimbo, ikitazamwa na wanakijiji wenye njaa ambao nafaka yao imechukuliwa na dola. Sijaona hotuba iliyousuta uongo wa watawala kama magogo yale.

Kisha mwenyekiti wa shamba la ushirika, Lukashin, anawapa maseremala nafaka ili wamalize zizi la ng'ombe. Anakamatwa. Mikhail anaandika barua ya kumtetea, anapita nyumba hadi nyumba kuomba saini. Watu wanajua mwenyekiti alitaka kuwasaidia, lakini woga umewashika, na siwezi kuwalaumu: wana watoto, na wameshaona waliochukuliwa. Anayekubali ni Lizka, dada yake Mikhail, aliyeolewa na Yegorsha ili wadogo zake wapate ng'ombe wa maziwa. Yegorsha anampinga. Lizka anatia saini. Mwigizaji hahitaji machozi wala kelele hapo, kwa kuwa tangu jioni ya kwanza tumeonyeshwa kila alichonacho Lizka, na sasa tunajua anachokihatarisha.