Arusha–Dar: ile "saa moja na kidogo" inatoka wapi?

Muulize mtu wa Kwa Mrombo, hapa Arusha, Dar ni mbali kiasi gani, atakujibu kwa basi: kutwa nzima. Barabara ni zaidi ya kilomita 600 na basi haliruhusiwi kuvuka 80 kwa saa, achilia mbali vijiji vyenye kibao cha 50. Ukimuuliza kuhusu ndege, atakwambia "saa moja na kidogo". Hicho kidogo ndicho ninachotaka kukifungua.

Kwanza umbali. Kiwanja cha Arusha, pale Kisongo, kipo latitudo 3.37 kusini na longitudo 36.63 mashariki, cha Julius Nyerere, Dar, ni 6.88 na 39.20. Huko Ulaya hesabu hii ingedai fomula za tufe, kwa kuwa mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta. Sisi tumeikalia jirani, digrii moja upande wowote ni kama kilomita 111, na Pythagoras wa darasani anatosha. Kusini tunashuka digrii 3.51, yaani kilomita 390. Mashariki digrii 2.57, kilomita 285. Zizidishe kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo: kama 480. Mstari huo unakatiza Simanjiro na kupita karibu na Handeni. Barabara yenyewe inaambaa na milima ya Upare na Usambara, Same, Korogwe, Segera, kisha inateremka mpaka Chalinze ndipo ikumbuke kuwa Dar iko mashariki.

Sasa muda. ATR, zile pangaboi zinazotua Kisongo, hukimbia kama kilomita 500 kwa saa zikishatulia angani. Kilomita 480 basi ni dakika 58. Mbona ratiba hudai saa moja na robo, pengine zaidi? Kwa sababu saa ya ratiba huanza ndege inapong'oka kwenye maegesho na kuisha inaposimama kwenye maegesho ya pili. Humo mna kutambaa ardhini, kupanda taratibu, na kusubiri zamu ya kutua Dar. Upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa huongeza dakika 5 tu. Wanaousingizia kila uchelewaji wanauonea.

Je, jeti? Kisongo iko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege hudai mbio ndefu kabla ya kunyanyuka, na njia ya kurukia ya hapo ni fupi. Ndiyo maana Airbus za Air Tanzania hushukia KIA, kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro kilichofunguliwa 1971, chenye njia ya kilomita 3.6 na kilicho chini zaidi, mita 894. Toka hapo Dar ni kilomita 450. Kwa mwendo wa 830 ungetegemea dakika 33, lakini haiwi. Ndege haijamaliza kupanda vizuri, rubani keshaanza kuishusha; kasi yake kamili inaifaidi kwa muda mfupi tu. Ratiba huipa takriban saa nzima.

Jeti basi inaokoa kama robo saa angani. Kutoka Kwa Mrombo, Kisongo ni safari ya boda. KIA ni kuupita mji, kisha karibu kilomita 50 za barabara ya Moshi. Hiyo robo saa huwa imeshaliwa kabla abiria hajafika Usa River.