Gunia tupu lililovunja ukuta wa vhost

Tuseme karani wa kahawa hapa Mbinga ana ghala la nafasi 100 na daftari la mistari 100. Gunia tupu halichukui nafasi, ila yeye analiandika mstari. Leta matupu ya kutosha: mistari inaisha, anaandika kwenye daftari la jirani.

Ndiyo CVE-2019-14835, kasoro ya draiva ya vhost ndani ya Linux. Mashine pepe ikihamishwa huku inafanya kazi, mgeni angeweza kuingia kumbukumbu ya kerneli ya mwenyeji. Msimbo ulikagua ghala, ukaliamini daftari.

Kiraka kiliongeza sharti moja tu: chenye urefu sifuri kisiandikwe. Kizuri, ila dhana hiyo ilidumu miaka mingi. Basi ukihakiki draiva, usiishie kuuliza “mpaka upo?” Uliza pia: na sifuri je?