Dau la Ndala
Miongoni mwa vyombo vinavyowafundisha vijana habari za bahari, Flipflopi inastahili pongezi za pekee, kwa kuwa dau hilo, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018 na mafundi walioongozwa na Ali Skanda, liliundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa ubavuni vipande vya ndala kuukuu zipatazo 30,000. Mataruma yake, yaani mbavu za ndani zinazoshikilia mbao, yaliungwa kwa mbinu zilezile za useremala wa majahazi. Mwanzoni mwa mwaka 2019, likisukumwa na kaskazi, upepo uvumao kuelekea kusini kati ya Desemba na Machi, lilisafiri kilomita zipatazo 500 hadi Unguja, likitia nanga njiani ili wanafunzi wajifunze namna taka zinavyofika baharini. Mwaka 2021 lilipelekwa Ziwa Viktoria, na huo pengine ndio uamuzi wa busara zaidi, maana bara nako kuna taka. Hata Mvumi, wilayani Chamwino, mamia ya kilomita kutoka pwani, ndala iliyokatika kamba huishia korongoni, na mtoto asiyewahi kuonja maji ya chumvi angeutambua ubavu wa dau hilo mara moja.